Titi lililodumaa: je, kulirekebisha ni kubadilisha maumbile?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Ngarenaro, Arusha. Titi langu la kulia limekua, la kushoto halikukua kabisa. Nikitoka nyumbani lazima nijaze kitambaa kwenye sidiria. Daktari wa Moshi kasema linarekebishika kwa upasuaji, ila mama ananiambia nitalaaniwa kwa kubadilisha alichoumba Allah. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah, binti yangu. Mama hajazusha. Sahaba Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea laana hiyo katika Bukhari na Muslim: kwa wanaochora miili kwa tatuu, wanaong'oa nyusi na wanaotanua nafasi kati ya meno. Ila hadithi yenyewe imetaja kuwa hufanya hivyo kutafuta urembo. Anayeondoa kasoro hayumo.

Sahaba Arfajah bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu. Akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, na dhahabu kwa mwanamume unajua kuwa asili yake ni haramu. Pua ile haikumponya ugonjwa wowote. Ilimrudishia uso wa kukaa nao mbele za watu. Msomee mama hadithi hiyo kabla hujapanda basi la Moshi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria za Kiislamu) nalo, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa kama mdomo sungura, na titi ambalo ukubwa au udogo wake umefikia hali ya ugonjwa.

Kwa hiyo titi lako linaruhusiwa kurekebishwa. Nasema lako, kwani matiti ya wanawake wengi hayalingani, na tofauti ndogo si kasoro. Aliyeona picha kwenye simu akataka na yeye ajazie, jibu hili halimhusu, na wapo wanaonipigia.

Tafuta kwanza daktari mwanamke. Akikosekana, mwanamume atakutibu, afunue panapohitajika tu, na muuguzi wa kike au maharimu wako (ndugu wa karibu asiyeweza kukuoa) awepo. Muulize daktari waziwazi habari ya kunyonyesha, na kama atakuwekea mfuko wa silikoni ndani ya titi, uulize pia iwapo utahitaji kubadilishwa miaka ijayo.

Bandeji ya kifuani haizuii udhu, tawadha kama kawaida. Likikulazimu josho (kuoga mwili mzima kwa ajili ya ibada), osha palipo wazi, pangusa maji juu ya bandeji, kisha utayamamu kwa udongo. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, ndivyo.

Wallahu a'lam.