Hesabu ya hawe wako

Mwanangu,

Kwenye ujumbe wako wa Jumapili umeniuliza kwa nini hawe wako, mama yangu, hakukubali kuhamia kwetu hapa Kisauni, hata miguu ilipomwishia nguvu. Wajua alikuja mara moja, ule mwaka aliougua kifua. Alikaa wiki tatu. Siku ya kwanza aliniona nikinunua maji kwa mwenye mkokoteni, akaweka kiganja juu ya mtungi, akauliza, "Hata maji?" Tangu hapo akawa anakunywa kidogo kidogo, kama mgeni. Akarudi shambani kwake Kaloleni. Shamba ni kukaa, ndivyo alivyosema, nami nasema hivyo hivyo.

Lakini nikimfikiria yeye, linalonijia ni lile la nazi.

Ilikuwa 1984, mwaka wa ukame, tulipokula mahindi ya njano. Mahindi yetu yalikauka yangali machanga, tukabaki na minazi. Mkwezi aliangua, akachukua nazi zake za ujira, na hawe wako akazifua zilizobaki mwenyewe kwenye kifuo, siku mbili nzima. Kila nazi ishirini alipiga fundo moja kwenye uchane wa ukuti. Tukapandisha magunia juu ya basi: Mazeras, Changamwe, Makupa, mpaka sokoni Mwembe Tayari, Mombasa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilipewa daftari niandike, kwa kuwa mama hakusoma.

Dalali alihesabu mbili mbili, mikono yote miwili, mbio mbio, huku akiimba. Akaishia 580. Daftari langu nalo 580. Mama akafungua pindo la leso, akautoa ule uchane, akapitisha kidole fundo moja moja. Mafundo 31.

"Bado arubaini," akasema.

Dalali akacheka. "Muulize mwanao, si amesoma?"

Na mimi, mwanangu, nikasema 580.

Hilo linaniuma mpaka leo. Nazi sikuzihesabu hata moja; niliandika alichotamka yule mtu, kisha nikasimama upande wake kwa sababu alinisifu.

Mama hakujibizana na mtu. Aliketi chini, akazihesabu upya moja moja, na basi la mwisho la Kaloleni likaondoka tukilitazama. Nazi 620. Dalali akalipa bila kumwangalia usoni. Usiku tulilala barazani kwa shangazi, Majengo, nami nikangoja anigombeze. Hakusema neno. Alinipa ule uchane niushike, akalala.

Sasa mtu kama yule, hapa mjini angehesabu nini?

Lakini tena najijibu: pengine namsifu kwa kuwa hayupo. Mgongo wake ulipinda kwa jembe na kwa mitungi ya maji. Watoto wanne aliwazika pale pale, karibu na mwembe. Kuna siku nadhani alikaa kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mapema, angali na nguvu ya kuanza upya. Sisi tulimuuliza kashazeeka, na kumuuliza mzee ahame ni kama kumwambia kazi yake imekwisha. Hapo nakiri tulikosea. Hata hivyo shamba ni kukaa. Minazi aliyoipanda 1972, mwaka niliozaliwa, ilianza kuzaa nikiingia darasa la kwanza, na hadi leo tunaangua kila miezi mitatu.

Najua ndani ya swali lako kuna jingine. Mjomba wako kaniambia amekuandikia habari za kuuza shamba. Nina neno langu, na limenijaa kinywani. Silisemi, kwa kuwa nikilisema utalifuata kwa heshima tu, halafu siku moja utanilaumu, nami sitaki lawama hiyo. Zungumzeni wewe na nduguzo.

Mkwezi anapanda Jumamosi hii. Nitakwenda na basi la asubuhi. Mjomba wako amesema atatuma kijana wa kuandika, aje aandike. Nazi nitazihesabu mwenyewe.

Mamako