Mwanangu, kuhusu lile dungu lako

Bombo, Oktoba

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu mama yako alikuwa pembeni, akauliza kama huyu mtoto alikwenda Marekani kuendesha malori au kuparamia miti. Nikamwambia yote mawili. Unasema wewe na mwenzako wa kazini mmefunga kiti cha kuwindia juu ya mwaloni, kwenye shamba la baba yake huko Wisconsin. Kibali cha upinde unacho. Sasa mnabishana: yeye anataka msiguse pale kwa wiki mbili ili ayala, wale wanyama wa huko wenye pembe za matawi, wapazoee, kaka yake anasema pandeni kesho alfajiri. Ukaniuliza mimi, askari mstaafu wa wanyamapori wa Murchison hapa Uganda, uanze lini.

Ayala sijamwona kwa macho yangu, hilo ulijue kwanza. Kusini ya Sahara hatuna hata mmoja wa asili. Wa kwetu ni mbawala, kuro, na yule swala wa kwenye nembo ya taifa, na pembe zao hawazidondoshi kila mwaka kama ayala dume anavyofanya. Lakini hicho kiti chenu nakijua. Babu yako alikiita dungu, na miaka mingi alilala juu yake akilinda mihogo na karanga.

Nikueleze madungu mawili, halafu utajijibu mwenyewe.

La kwanza tulilijenga mwaka 1991, kaskazini ya Nile, chui alipozoea mbuzi wa kijiji kimoja. Tulikuwa askari wawili. Tulifika saa sita mchana, tukapanda mkwaju, tukakata matawi kwa panga, tukagonga misumari, mwenzangu akavuta sigara zake, wanakijiji wakatuletea chai na kukaa kutazama. Usiku huo huo tukapanda na bunduki. Chui hakuja. Wala usiku wa pili, wala wa sita. Asubuhi tulikuwa tunaona nyayo zake: alifika hatua kama sitini, akazunguka mti, akaenda zake. Tukachoka tukarudi kambini. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, kisha jioni moja tukarudi kimya, upepo ukitujia usoni, hatukugusa hata jani. Alitokea kabla ya isha. Ngozi yake ilikwenda Entebbe, makao makuu ya idara yetu ya wanyamapori siku zile, kabla hawajatuunganisha na watu wa hifadhi mwaka 1996.

La pili lilikuwa ubao mmoja na kamba, juu ya mwembe mzee kando ya shamba. Nilipanda baada ya alasiri, peke yangu, sikukata kitu kwa sababu mwembe wenyewe ulikuwa na uwazi. Nguruwe mwitu wakaja jioni ile ile, na dungu halijamaliza saa tatu. (Nyama walichukua majirani wasio Waislamu, nao walinisifu mwezi mzima.)

Kwa hiyo kaka wa mwenzako hajakosea, ila anazungumzia mwembe. Ninyi mmejenga mkwaju. Umesema mwenyewe mlipeleka ngazi ya chuma, mkakata matawi kwa msumeno wa mota, mkayaacha yamelala chini, mkala na mkate pale pale. Kesho usiende. Mahali pale pananuka mafuta ya mashine, utomvu mbichi na jasho la watu wawili, na mnyama anayepita kila siku ataona mti wake umeota kitu. Subiri mvua moja nzuri. Isiponyesha, hizo wiki mbili za mwenzako si nyingi.

Ila kusubiri maana yake ni kutokwenda kabisa. Najua kuna ile kamera mliyoifunga kwenye mti, na mkono utakuwasha kwenda kuitazama. Kila ukienda, unaanza kuhesabu upya.

Tena usiharakishe kwa sababu nyingine. Unaniambia madume ya huko hupandwa na wazimu wa majike mwanzoni mwa Novemba, hata mchana yanatembea. Basi mkao wako wa kwanza uweke hapo, kabla ya zile siku 9 za bunduki zinazoanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu yao ya shukrani, maana zikianza msitu wote utakuwa na watu. Mkao wa kwanza ndio bora kuliko yote yatakayofuata. Siku hiyo mnyama hajui kama upo. Ukishashuka na kuacha harufu yako kwenye njia, amekwisha kupata habari, na dume lenye umri halisahau upesi. Wengi huutupa mkao huo siku mbaya kwa sababu tu ni Jumamosi na hawana kazi.

Siku mbaya ni ipi? Ni ile ambayo upepo unatoka mgongoni mwako kwenda kule unakotarajia watokee. Hapo usipande, hata kama umeendesha gari saa mbili. Sisi tulibeba soksi kuukuu yenye majivu. Ukiitikisa, majivu yanakuonyesha harufu yako inakwenda wapi, hata pale unapodhani hakuna upepo. Umesema mti uko juu ya kibonde. Kumbuka hewa ya baridi hushuka bondeni kama maji, jioni na alfajiri, kisha jua likishapasha mteremko inageuka kupanda. Kama ayala wanapita chini yako, jioni na alfajiri utawamwagia harufu kichwani. Nenda asubuhi, jua likianza kupasha mteremko, na ukae hewa ikiwa bado inapanda. Kama wanapita juu yako, pangua hesabu hiyo. Saa za kisheria ziangalie kwenye kibali, usisikie za watu.

Njia ya kufika nayo ni sehemu ya dungu. Usikatize pale wanapolala au wanapokula. Afadhali kuzunguka nusu saa kuliko kuwaamsha. Mbawala wetu akishtuka hubweka kama mbwa. Ayala, nasikia, hupuliza pua kwa nguvu na kuinua mkia mweupe. Ukiuona huo mkia ukikimbia, shuka utulivu, nenda nyumbani, na mti huo uupe siku kadhaa.

Sasa la mwili wako, na hapa nazungumza kama baba. Mjomba wako alianguka kutoka dungu la mita tatu tu, na mpaka leo anatembea na fimbo. La kwako ni mita tano. Ule mkanda wa kujifunga usiuvae ukishafika juu. Funga tangu mguu wa kwanza ukiwa bado ardhini, kwa kamba inayopanda pamoja nawe, kwa sababu watu huanguka wakipanda na wakishuka. Upinde uvute kwa kamba baada ya kukaa, mishale ikiwa kwenye ala yake. Mwakani kagua mikanda iliyoshika mti kabla ya kupanda: mti hunenepa, na jua hula nailoni.

Kuhusu nyama uliyouliza: piga Bismillah wakati wa kuachia mshale, si baadaye. Ukimkuta bado ana uhai, chinja. Na ule ugonjwa wa ayala uliogunduliwa Wisconsin mwaka 2002, wa kuwakondesha na kuwaharibu ubongo, usiudharau. Peleka sampuli ipimwe kabla hujawapa watoto.

Huku ukipanda dungu na bunduki bila kibali utalala gereza la Luzira, kwa hiyo wewe ndiye mwindaji pekee aliyebaki katika ukoo, na mimi nimebaki wa kuelekeza kwa simu. Kwa hiyo nifanyie hili moja. Siku utakayopita kukusanya yale matawi mliyoyaacha, na iwe siku moja tu kisha usirudi, simama pale njia yao inapopita, mwenzako akae juu, umpige picha ukimtazama kutoka chini. Nataka kuona kama nyuma yake kuna majani au kuna anga tupu. Ikiwa ni anga tupu, kiti hicho mtakihamisha, na hesabu ya mvua itaanza upya.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama unavaa soksi nzito.

Baba yako