Maswali yenu: Kimbunga hakifiki Dodoma, maji yanafika

Je, kimbunga cha baharini kinaweza kupiga Dodoma? (Msomaji, Nkuhungu)

Kikiwa kimbunga kamili, hapana. Nguvu yake inatoka kwenye bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na kikiingia nchi kavu huanza kufa. Upepo wa kilomita 118 kwa saa, kiwango cha chini cha kuitwa kimbunga katika bahari yetu, hauwezi kuvuka kilomita zaidi ya 300 za bara na kupanda hadi mwinuko wa mita 1,100 tulipo.

Ila usilale usingizi kwa jibu hilo. Malawi haina bahari. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga Quelimane nchini Msumbiji, kikaingia bara kikiwa kimenywea, kisha kikazubaa hapo siku kadhaa kikimwaga mvua kusini mwa Malawi. Blantyre, mji wenye mwinuko usiopishana sana na wa Dodoma, ulifukiwa na tope la milimani. Waliokufa na waliopotea nchini humo walipita 1,000. Miaka minne kabla, kimbunga Idai kiliua watu Chimanimani, Zimbabwe, huko huko milimani, kwa maji na mawe. Na Katesh, mkoani Manyara, Desemba 2023, hakikuhitajika kimbunga: mvua kubwa tu na tope la Mlima Hanang, zaidi ya watu 80 wakafa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dhoruba inaitwaje, tazama nyumba yako iko chini ya mlima gani na kando ya korongo lipi.

Nimetumiwa sauti WhatsApp kwamba kimbunga kitapiga Dodoma saa nane usiku. Ni kweli? (Wasomaji wengi mno)

Futa. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja mikoa, tarehe, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Haiji kwa sauti ya mtu anayehema. Ukimtumia shemeji yako "ili tu ajue", nawe umeshiriki.

Msimu wa vimbunga ni lini? (Msomaji, Kisasa)

Novemba hadi Aprili. Lakini kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Anayesafiri kusini mwezi Mei asidhani msimu umefungwa kwa kufuli.

Kimbunga kikiwa Msumbiji, mvua zetu hukata. Kuna uhusiano? (Mkulima, Bahi)

Upo, ila haufanani kila mara. Kimbunga huvuta upepo na unyevu kutoka mbali. Kikikaa mahali fulani kinatunyang'anya unyevu, mnapata jua kali wiki nzima. Kikikaa pengine kinavuta upepo wa magharibi wenye unyevu wa Kongo, mnapata mvua hata kuchoka. Usikimbilie kung'oa na kupanda upya kwa sababu ya siku tano kavu: mtama na uwele huvumilia, mahindi ndiyo yatakayokusumbua. Na mkulima wa Bahi anayeng'ang'ania mahindi juu ya kichuguu kisichoshika maji asisingizie bahari.

Paa langu limeezuliwa mara mbili. Fundi anasema tatizo ni bati la geji 30. Ninunue la 28, lililo nene zaidi? (Msomaji, Ihumwa)

Kwanza niambie kiliruka nini. Kama yaliruka mabati peke yake, tatizo ni misumari. Kama yaliruka mabati pamoja na papi (mbao zinazopigiliwa mabati) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), hata bati la geji 28 lingeruka: paa halikufungwa ukutani, lilikaa kwa uzito wake tu. Naona hili kila mtaa mpya wa jiji hili. Watu wanalipia bati la rangi, halafu wanabania waya wa elfu chache wa kulifunga paa.

Wakati wa kumwaga lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), acha vipande vya nondo ya milimita 8 vikichomoza kila mita moja hivi, uvikunje juu ya mbao inayolala ukutani na kuvibana. Nyumba ikiwa imekwisha jengwa, toboa ukuta chini ya lenta, pitisha waya mnene usioshika kutu, uuzungushe lenta na mguu wa kenchi, usokote hadi ukaze. Fanya hivyo kwa kila kenchi. Ukiruka moja, paa litaanzia hapo.

Upepo huvuta zaidi kwenye kingo na kofia (kilele cha paa) kuliko katikati. Huko papi zisiachane zaidi ya sentimita 60, na msumari upigwe kila wimbi la pili, juu ya mgongo wa bati na si bondeni, uwe na mpira. Upenu usizidi sentimita 50. Paa la baraza lijitegemee, likiondoka lisiondoke na la nyumba. Upepo ukianza, funga madirisha na milango: ukiingia ndani unasukuma paa juu huku wa nje ukilivuta. Mawe na matofali uliyoyaweka juu ya bati yashushe leo, kabla hayajamwangukia mtoto wa jirani.

Vile vimbunga vya vumbi vya Septemba ni dalili ya kimbunga cha baharini? (Msomaji, Chamwino)

Hapana. Ni ardhi iliyopata joto. Funika chakula.

Gari langu liko juu. Korongo likijaa maji ya goti, nivuke? (Dereva, Mpwapwa)

Usivuke. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaangusha mtu, 30 zinaweza kuelea na gari dogo, 60 zinachukua magari mengi yakiwemo ya juu. Maji ya goti ni kati ya hapo, na hujui kama mchanga wa chini bado upo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe; gari lako si zito kuliko hilo. Korongo linaweza kujaa kwako kukiwa na jua, wakati mvua inanyesha milima ya Kiboriani. Subiri lipungue, kisha mwone anayelijua apite kwa miguu kwanza.

Bibi yetu anakaa tembe Mvumi. Tumhamishe mvua zikizidi? (Wajukuu)

Upepo hauwezi kulibeba tembe, nyumba ya paa bapa la udongo; mvua ndiyo inaliua. Udongo wa paa wenye unene wa sentimita 15 una kilo zisizopungua 200 kwa kila mita ya mraba, na ukilowa huzidi. Kagueni nguzo chini, pale zinapogusana na ardhi, maana mchwa huanzia hapo. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo na nguzo ikawa imeliwa, au dari ikaanza kudondosha tope, bibi alale nyumba nyingine usiku huo. Asingoje mpaka aage kuku.