Je, kuamini kwamba ardhi inalizunguka jua ni kuikadhibisha Qur'ani?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mwanangu amefundishwa shuleni kwamba ardhi ndiyo inayolizunguka jua. Nimesikia darsani kuwa anayeitakidi hivyo ameikanusha aya ya Suratu Yasin isemayo kwamba jua linakwenda. Hukumu yake ni ipi? Na hao wanafalaki walijuaje, maana hakuna aliyetoka nje ya ulimwengu akatazama?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hajaikanusha aya, wala hana dhambi. Yasin 36:38 inasema jua linakwenda, na aya ya 40 inasema kila kimoja kinaogelea katika njia yake. Hakuna mahali paliposemwa kuwa jua linaizunguka ardhi. Na Qur'ani humsemesha mtu kwa kile anachokiona: katika al-Kahf 18:86 Dhulqarnayni alilikuta jua linazama chemchemini, na Ibn Kathir akafasiri kwamba ni kwa mtazamo wa macho yake. Ni kweli jua lina mwendo wake, takriban kilomita 220 kwa sekunde kukizunguka kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota tulimo. Hata hivyo usikimbilie kusema hiyo ndiyo tafsiri ya aya. Hesabu za watu husahihishwa kila karne, na maneno ya Allah hayasahihishwi.

Ama walijuaje, kisa kizima kimo katika sayari ya Mirihi. Kwa kawaida husogea kuelekea mashariki mbele ya nyota nyingine, lakini kila baada ya miezi 26 hivi husimama, hurudi magharibi kwa siku 60 hadi 80, kisha huendelea na safari yake. Batlimusi, mwanafalaki wa Iskandaria, karne ya 2, alieleza jambo hili kwa duara ndogo iliyopandishwa juu ya duara kubwa. Ili hesabu zikubali, alilazimika kuweka nukta ya pembeni, nje ya kitovu, ambayo ukitazama kutoka hapo tu ndipo mwendo unaonekana wa kasi moja.

Nukta hiyo iliwakera wanazuoni wa Kiislamu. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Batlimusi. Nasir al-Din al-Tusi, aliyesimamia kituo cha falaki cha Maragha kilichoanzishwa 1259, alionyesha kwamba duara ikibingirika ndani ya nyingine iliyo kubwa yake mara mbili, nukta ya ukingoni mwake huenda na kurudi kwenye mstari ulionyooka. Ibn al-Shatir, muwaqqit (mpanga nyakati za swala) wa Msikiti wa Umawiyya pale Damascus, akaiondoa kabisa nukta ya Batlimusi, na hesabu yake ya mwezi ni ileile tunayoikuta kwa Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya, mwaka 1543. Ni haki yao watajwe. Lakini tusidai kwamba wao ndio walioliweka jua katikati. Ardhi waliiacha palepale.

Copernicus ndiye aliyeihamisha, na kule kurudi nyuma kukapata sababu. Ardhi huenda kilomita 30 kwa sekunde, Mirihi 24. Tunapoipita, huonekana inarudi, kama lori linalopitwa na basi ulilopanda. Tatizo ni kwamba naye alishikilia duara kamili, kwa hiyo utabiri wake haukuwa bora sana kuliko wa zamani.

Aliyelikata fundo ni Kepler, mwanafalaki wa Ujerumani, akitumia vipimo vya Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, vilivyochukuliwa kwa macho bila darubini. Duara bora kabisa aliyoichora Kepler ilikosea mahali pa Mirihi kwa dakika 8 za nyuzi, yaani robo hivi ya upana wa mwezi mpevu. Mwingine angelipuuza. Yeye alijua Tycho hakosei kiasi hicho, akaitupa kazi ya miaka. Njia aliyotumia ni hii: Mirihi hurudi mahali pake kila siku 687. Chukua vipimo viwili vilivyopishana siku hizo. Mirihi iko palepale, ardhi iko mahali pawili, na mistari miwili ya macho hukutana ilipo Mirihi. Alipoziunga nukta nyingi namna hiyo hazikutoa duara bali duaradufu, yaani duara iliyobanwa kidogo, jua likiwa limeegemea upande mmoja. Akalitangaza mwaka 1609. Mwaka 1619 akaongeza kanuni ambayo mwanao anaweza kuijaribu: umbali wa Mirihi ni 1.524 ya umbali wetu na jua, mwaka wake ni 1.881 ya mwaka wetu. Zidisha 1.524 yenyewe kwa yenyewe mara tatu, na 1.881 mara mbili. Zote hutoa 3.54.

Kuhusu kutoka nje ya ulimwengu, haikuhitajika. Mwaka 1838 mwanafalaki Bessel aliipima nyota ya 61 Cygni akaiona inayumba kidogo kila mwaka, kwa pembe ya theluthi moja hivi ya sekunde ya nyuzi (sekunde hiyo ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), kwa sababu sisi wenyewe tunahama.

Imam al-Ghazali, katika utangulizi wa Tahafut al-Falasifa, alionya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi akidhani anaitetea dini, ameidhuru. Mwenye kutoa darsa azingatie hilo. Nyakati za swala hazibadiliki kwa lolote kati ya haya, kwa kuwa zimefungamanishwa na jua linavyoonekana kwetu: kupinduka, kuchwa, urefu wa kivuli.

Wallahu aalam.