Zimua Kwanza, Uliza Baadaye

Kilele cha spektra yangu (grafu ya mwanga unaomezwa na sampuli kwa kila urefu wa wimbi) kimekuwa bapa chenye meno-meno kwenye ufyonzaji wa 3.6. Je, ni vilele viwili vilivyoungana?

Si viwili wala si kimoja. Hapo hakuna cha kusomwa. Ufyonzaji wa 1 maana yake asilimia 10 ya mwanga imepenya. Wa 2, asilimia 1. Wa 3, sehemu moja katika elfu. Kwenye 3.6 mashine nyingi zinasoma mwanga uliozurura ndani yake pamoja na kelele za umeme. Zimua mara 10 au zaidi hadi kilele kikae kati ya 0.1 na 1. Swali hili haliishi kuja, na kila mwulizaji ameshapamba grafu kwa rangi kabla ya kugusa pipeti. Wala usiyalainishe hayo meno kwa programu.

Pamanganeti ya potasiamu ni ya zambarau, mbona inafyonza kwenye kijani?

Ndiyo maana ni ya zambarau: unachokiona ni mwanga uliobaki baada ya kijani kumezwa. Vilele vyake vya nanometa 525 na 545, hao wapenda kulainisha huvigeuza kimoja.

Nimetumia asetoni. Chini ya nanometa 330 mstari unapanda ghafla. Sampuli ni chafu?

Unapima asetoni. Badili kiyeyushi: maji, ethanoli au heksani. Usidhani kupima kiyeyushi kitupu kwanza ili mashine ikitoe kwenye hesabu kutakuokoa. Mwanga ukishamezwa wote, hakuna kilichobaki cha kutoa. Na kama kyuveti yako (kichupa cha kuwekea sampuli) ni ya glasi, huko chini weka ya kwatsi.

Nichore kwa grafu ya mistari au ya nukta?

Ya nukta, uziunganishe. Grafu ya mistari ya programu za majedwali huchukulia urefu wa mawimbi kuwa majina tu na kuyapanga kwa nafasi sawa, hata kama ulipima kwa hatua zisizo sawa. Ufyonzaji hauna kizio, kwa hiyo acheni kuubunia. Taja kiyeyushi, mkolezo na upana wa kyuveti. Bila hivyo mchoro wako ni kilima tu.

Nina kilele kimoja kipana kwenye nanometa 254. Ni benzini?

Benzini ndani ya heksani huonyesha vidole kadhaa vyembamba kati ya 230 na 270, si kilima kimoja. Molekuli nyingi zenye pete ya atomi kama yake hufyonza eneo hilohilo. Spektra hii inakuambia kuna pete au vifungo maradufu vinavyopokezana na vya kawaida; jina litafute kwa NMR (kipimo cha viini vya atomi ndani ya sumaku) au spektrometa ya tungamo, inayopima uzito wa molekuli.