Kabla hujasuka mota tena, itoe rota uikague

Ndugu uliyeuliza kuhusu mota ya kinu cha posho pale Kawangware, ile ya hospawa 10 inayozunguka vizuri bila mahindi lakini ukiyamwaga inanguruma na kuishiwa nguvu: tafadhali usilipie kusuka koili, yaani kuzungushia waya mpya, mara ya tatu. Mimi yalinipata hayo hayo Dandora. Nilisukiwa mara mbili, pesa ikaenda, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka pamoja na shafti.

Hakikisha kwanza fezi zote tatu, zile nyaya tatu za umeme, zinafika na beringi hazichezi. Zikiwa sawa, geukia rota. Ndani ya kile chuma cha mviringo mmelazwa nondo za alumini, zimefungwa pamoja kwa pete kila upande. Hakuna waya unaotoka humo. Umeme wake unazaliwa humo humo, kwa sumaku ya stata, ile sehemu ya nje iliyosimama yenye koili, ndiyo maana fundi akipima kwa mita anaona koili nzima na kusema mota haina neno. Nondo zikikatika, jirani zake zinabeba mzigo wa ziada, zinachemka, nazo zinakatika.

Yangu ilijitaja yenyewe. Nilishika waya mmoja kwa mita ya koleo, ile ya mshale inayopima ampia, mahindi yakisagwa. Mshale ulikataa kutulia: 12, 16, 12, 16, na mngurumo ukipanda na kushuka pamoja nao. Tukaizima, tukaingiza volti 50 tu kwenye waya mbili kati ya tatu, nikawa nazungusha shafti polepole kwa mkono. Rota ikiwa nzima, ampia hazibadiliki sana. Yangu zilikuwa 9, nikifika sehemu fulani zinashuka hadi 7. Tulipoifungua, karibu na pete palikuwa pamebadilika rangi, bluu kama chuma kilichotoka motoni.

Alumini hiyo haichomelewi ikapona. Nilipata rota ya mota ya aina ile ile kwenye vyuma chakavu Kariobangi Light Industries. Urefu na kipenyo lazima vilingane kabisa, maana nafasi kati ya rota na stata haifiki hata milimita moja. Mtu akikuambia ataichonga kwenye lethi ili iingie, kataa. Nafasi ikipanuka mota inakula umeme mwingi na kuchemka hata ikiwa haina kazi.

Na nikuulize: huwa unawasha mahindi yakiwa tayari yamejaa? Mota ikianza inavuta umeme kama mara sita ya kawaida, na ikilemewa inakaa hapo muda mrefu. Nondo zinatanuka kwa joto, zikipoa zinajikunja, mwishowe zinapasuka pale zinapokutana na pete. Mimi nilikuwa nawasha, inazima, nawasha tena papo hapo, hata mara nne asubuhi moja. Siku hizi mahindi yanasubiri mpaka mashine ishike spidi.

Ukipima, andika hapa namba ulizopata tuziangalie pamoja.