Maswali yenu ya biashara: rusha sarafu kabla hujabadili mishahara

SWALI: Habari za kazi kaka, mi nina vibanda nane vya wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Dodoma, kila kimoja ana binti mmoja namlipa mshahara wa mwezi. Mwisho wa Novemba nikachukua wawili ambao ni wachapakazi kweli nikawaambia sasa mtakula mshahara kidogo na asilimia ya kamisheni, basi Desemba vibanda vyao vimepanda hadi nikashangaa! Nataka niwahamishe na hao sita waliobaki mwezi huu huu lkn mume wangu anasema nisubiri kwanza. Nani yuko sahihi hapo? – Mama Vibanda

JIBU: Salama dada. Shemeji yuko sahihi, japo sina uhakika kama sababu zake ni hizi zangu.

Umechukua wawili walio wachapakazi, hao hata ungewaacha na mshahara wao wa zamani huenda wangepanda tu. Halafu ni Desemba, watu wanatuma hela za sikukuu nyumbani, waliokuja likizo wanatoa za matumizi, wakala gani hakuwa na foleni? Swali langu ni moja, wale sita wengine Desemba walipanda kiasi gani? Hujaandika, na jibu lote liko hapo. Kama nao walipanda hivyo hivyo basi asilimia yako haijafanya kitu, umegawa tu hela.

Fanya hivi. Hao wawili waache waendelee, usiwahesabu. Wale sita wapange wawili wawili kwa kamisheni ya miezi iliyopita, wa stendi na mwenzie wa sehemu yenye watu, wa mtaani na wa mtaani. Kila jozi rusha sarafu, iamue yenyewe nani anakwenda kwenye asilimia na nani anabaki, usichague wewe hata kidogo maana utachagua unayempenda. Waambie wazi kuwa baada ya miezi mitatu wanabadilishana, hapo hakuna atakayenuna sana. Na kabla hujaanza andika kabisa kibanda kiongeze shilingi ngapi ndo useme asilimia imelipa, ukisubiri mwisho utajikuta unaridhika na chochote.

Jozi tatu ni chache, sikufichi. Hata kama asilimia haina kazi yoyote, kushinda jozi zote tatu kwa bahati tu ni mara moja katika nane. Ila wakishabadilishana zamu na walio kwenye asilimia wakashinda tena zote tatu, hapo hamisha wote ulale usingizi.

Sasa usipime kamisheni peke yake, itakudanganya. Wewe unajua binti anayekula asilimia anaweza kumkatia mteja muamala mmoja mkubwa vipande viwili vitatu ili kamisheni iongezeke, mteja anakatwa makato kila kipande na kesho anaenda kwa jirani. Kagua daftari, namba moja ikijirudia ndani ya dakika chache uliza. Na waandike wateja waliorudishwa kwa sababu floti (salio la wakala kwenye simu) imeisha au keshi haipo.

Lkn daftari hilo la waliorudishwa wape wote sita siku moja, wa asilimia na wa mshahara. Kuna watafiti waliwahi kufuatilia biashara ndogo kama 500 hivi magharibi mwa Kenya zilizokuwa zinapoteza wateja kwa kukosa chenji (hasara yake ilikuwa kama 5 hadi 8% ya faida, kwa chenji tu jamani), wakakuta kule kuwauliza tu wenye maduka kila wiki habari za chenji kulitosha kuwafanya waanze kuitunza. Ukiwapa daftari watatu wa asilimia pekee, wakiuza zaidi hutajua ni asilimia au ni daftari.

SWALI: Sasa mkuu, mimi niko ofisi ya wafanyakazi kampuni fulani Nairobi. Bosi anataka kila mtu arudi ofisini, anasema wa nyumbani wanalala. Namjibu nini? – Mchovu wa foleni

JIBU: Usibishane naye, mwombe mjaribu kwa kura ya bahati nasibu, yaani bahati iamue nani afanyie kazi nyumbani na nani abaki ofisini. Ctrip, kampuni ya usafiri ya Shanghai, walifanya hivyo 2010. Waliojitolea kufanyia kazi nyumbani na wakafaa walikuwa 249, wote wa simu za wateja, waliozaliwa tarehe shufwa wakaenda nyumbani siku nne kwa wiki, wa witiri wakabaki ofisini, miezi tisa. Ona ujanja wake, wote walitaka kwenda, kwa hiyo hakuna wa kusema wa nyumbani walikuwa watu wa aina nyingine. Wa nyumbani kazi ikapanda 13%, sehemu kubwa kwa sababu muda wa kuwa kwenye simu uliongezeka, na waliokuwa wanaacha kazi wakapungua kwa nusu.

Ila mweleze bosi na upande wa pili asije kuukuta mwenyewe. Kazi za simu zinahesabika, zenu je? Na walipoachiwa wachague upya zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye jaribio walibadilisha upande, wengine wa nyumbani wakilalamika upweke, na lile ongezeko la kazi ndo likafika 22%. Kwenye kupandishwa vyeo pia, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, wa nyumbani waliachwa nyuma, kwa hiyo vyeo viweke kwenye vipimo vyenu tangu siku ya kwanza.